Jina Mgongoni mwa Mjukuu Wangu

Ulikuwa ule mwaka wa pilau bila kachumbari. Anayeishi Birmingham ataukumbuka. Nyanya zilipotea madukani, matango yakafuata, na pilipili hoho ukiipata unaishika kama yai. Kwenye duka kubwa waliweka kibao kwamba mtu asichukue zaidi ya pakiti tatu, na chini ya kibao hapakuwa na pakiti hata moja. Wakasema ni baridi iliyopiga mashamba ya Uhispania na Moroko. Sisi huku Sparkbrook tulipika mchuzi kwa nyanya za kopo, tukala wali na ndizi, na mgeni akiuliza kachumbari iko wapi tulimwambia aende akaiulize Uhispania.

Mwaka huo, Ramadhani ikiwa imebakiza wiki chache, mjukuu wangu aliishindia timu yake mechi ya mpira wa kikapu kule Italia. Walishinda kwa alama moja. Na kwa sababu ya hiyo alama moja watu walikuja kunipora mchana kweupe, wamevaa kanzu safi na wananukia udi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, Isiolo. Halafu nikatolewa shuleni nichunge mbuzi, kaka zangu wakaendelea. Kwa hivyo anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine. Sisi ni Wasomali wa Kenya. Wenzetu waliotoka Mogadishu wanatuita sijui, eti kila tukiulizwa jambo kwa Kisomali kirefu tunajibu kwa Kiswahili, "sijui". Basi na niandike kwa Kiswahili hicho hicho wanachokicheka. Majina sitaandika. Jina moja hasa sitaliandika, na atakayesoma mpaka mwisho ataona sababu.

Mjukuu huyu nilimlea mimi. Baba yake, mwanangu wa pekee, alifia Italia kwa ugonjwa wa figo, mtoto akiwa hajaanza shule. Mama yake akaolewa Uswidi na mwanamume asiyetaka watoto wa mtu. Nikabaki nao wawili, yeye na dada yake mkubwa. Kule Italia, alikokuwa amenileta mwanangu, kazi yangu ilikuwa kumtunza ajuza mmoja wa Kizungu: namuogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Alipokufa, watoto wake waliuza nyumba sisi tukiwa bado ndani, vyungu vyangu viko jikoni. Wakati ule mwenye karatasi za Italia alikuwa anaingia Uingereza bila kuulizwa. Tukaja.

Nyumba zetu hizi za Sparkbrook zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mtoto alikuwa anadundisha mpira kwenye ukuta wa uani tangu anapotoka madrasa, na jirani, mama mmoja wa Kipakistani, anagonga ukuta kutoka upande wake kwa fimbo ya ufagio. Mpira unadunda, ufagio unagonga, mimi katikati nasonga ugali. Siku nilipomwomba radhi aliniambia, "Dada, mpira sina shida nao. Shida ni kwamba mtoto wako ananyamaza tamthilia yangu ikiwa imeshaisha." Ndiye mtu wa kwanza kuniambia mtoto huyu atafika mbali, kwa sababu hakuwa anachoka.

Alirefuka kwa namna ya kutisha. Suruali niliyomnunulia Idi ya mfungo ilikuwa kaptula kufika Idi ya kuchinja. Mazoezi yalikuwa Kingstanding, mabasi mawili kwenda na mabasi mawili kurudi, na mimi nikikaa kwenye ukumbi wa nje, kwenye benchi la plastiki, na mswala wangu kwenye mfuko. Mara ya kwanza kocha wao aliponiona pale alinijia haraka akaniambia choo cha wanaume kimeziba. Alidhani mimi ndiye wa kusafisha. Nikaenda nikakizibua, maana mjukuu wangu naye angetaka kukitumia, kisha nikarudi kwenye benchi nikamwambia, "Yule mrefu mweusi ni wangu." Akawa mwekundu kama zile nyanya tulizozikosa. Tangu siku hiyo alikuwa akiniletea chai.

Sasa hilo jina.

Sisi hatuna jina la ukoo kama Wazungu. Mtoto ana jina lake, linafuata la baba yake, linafuata la babu yake, na ukitaka unaendelea kupanda hivyo hivyo mpaka pumzi ikuishe. Jina la mama halimo. Jina la bibi ndilo kabisa. Mwanangu alipofika Italia, karani alimuuliza jina la ukoo. Hakujua aseme nini. Akalitaja jina la baba yake, kwa sababu ndilo linalofuata lake. Wengi wetu tulifanya kosa hilo, na ndiyo maana Ulaya nzima utakuta ndugu wa tumbo moja wana majina ya ukoo tofauti, na baba na mtoto hawafanani kwenye pasipoti. Kwetu kosa lilikaa hivi: jina la mtu mmoja likageuka jina la nyumba. Likaandikwa kwenye kengele ya mlango, likaandikwa kwenye kaburi la mwanangu, na mwisho likaandikwa mgongoni mwa jezi ya mjukuu wangu, herufi kubwa nyeupe, hata asiye na miwani alisome.

Mwenye jina hilo alikuwa dereva wa lori, Isiolo mpaka Moyale. Alinioa nikiwa msichana. Mwanangu alipoanza kutambaa, lori lilikwenda Moyale na halikurudi. Si kwamba lilipata ajali. Dereva alipata mke. Baadaye nikasikia kapata mwingine, ng'ambo ya mpaka, na watoto wengi, lakini kwangu hakuleta hata kilo ya sukari. Nilimlea mwanangu kwa maziwa ya ngamia. Nilikuwa nayapokea alfajiri kutoka kwa wafugaji, nayatia kwenye mitungi niliyoifukiza moshi, na kuyapakia kwenye basi la Nairobi, na mtoto nimemfunga mgongoni. Mwanangu alipougua, tulimtumia yule mtu salamu. Alipokufa, tukamtumia tena. Alijibu kwamba njia ni mbovu.

Halafu, miaka michache kabla ya huu mwaka ninaousimulia, naambiwa yuko Birmingham. Mpwa wake amemleta. Anakaa Washwood Heath, mzee wa mkongojo, ndevu zimetiwa hina. Sikushtuka. Mji huu unawameza wote. Nikasema mradi asipite barabara yangu.

Mechi yenyewe ilikuwa Jumapili jioni. Timu iliyomwajiri ni ya mji mdogo wa kaskazini kule Italia, si katika ligi ile kubwa kabisa, katika ile iliyo chini yake. Dada yake aliiweka kwenye kompyuta juu ya meza ya jikoni. Huyu binti anaelewa Kiswahili chote lakini akijibu anachanganya na Kizungu, kwa hivyo mazungumzo yetu mtu wa nje akiyasikia atadhani tunagombana. Mimi Kiitaliano ninachokijua ni cha jikoni na cha kitanda cha mgonjwa, lakini mtangazaji alipokuwa anapiga kelele nilimwelewa. Kelele za Waitaliano nazijua.

Mjukuu wangu hakucheza vizuri. Nasema ukweli. Alikuwa anarusha mpira unagonga chuma unarudi, anarusha unarudi. Timu ile nyingine ilikuwa inapasiana kama watu wanaopeana vikombe vya chai. Lakini walikwenda nao bega kwa bega mpaka dakika ya mwisho, wetu wako nyuma kwa alama moja, zimebaki sekunde, na mjukuu wangu akachezewa rafu. Akapewa mitupo miwili ya bure. Anasimama pale peke yake, hakuna wa kumzuia. Simu ikaanza kuadhini Magharibi. Nikainyamazisha, Mungu anisamehe.

Kabla hajarusha, simu ya dada yake ikalia.

Hapa inabidi nieleze. Picha ya kwenye kompyuta huwa inachelewa. Mambo yameshatokea kule, wewe bado unaangalia yaliyopita. Na dada yake yumo kwenye kundi la simu la ukoo wa babu yake, ambalo mpwa wa yule mzee alimtia bila kumuuliza, na mle walikuwa na mtu aliyeko uwanjani kabisa, anawapasha habari. Ikaja sauti. Binti akaifungua bila kufikiri. Ilikuwa sauti ya mwanamume, amekasirika: "Si niliwaambia? Amekosa wa kwanza, na wa pili atakosa. Kalelewa na mwanamke, mikono ya jikoni hiyo!"

Tukatazamana. Kwenye picha mjukuu wangu alikuwa bado anadundisha mpira, anapumua, hajarusha hata mmoja. Mimi nilijua atakosa kabla yeye hajajua. Nikamtazama akikosa wa kwanza. Nikamtazama akirusha wa pili, ukagonga chuma. Na matusi ya kunitukana yameshanitangulia masikioni.

Lakini mpira ule wa pili uliporuka juu, aliufuata mwenyewe. Walikuwa wawili wanamsukuma, akaunyaka kwa mkono mmoja, akaurudisha juu wakiwa wamemning'inia, ukaingia. Kengele ikalia. Alama moja mbele. Mtangazaji akapasuka koo. Simu ikalia tena, sauti ile ile, ya mtu yule yule, naapa: "Allahu akbar! Damu yetu hiyo! Huyo ni wetu!"

Kati ya sauti ya kwanza na ya pili hata chai haipoi.

Nilikwenda nikaswali. Niliporudi binti alikuwa amefungua jedwali la takwimu. Baada ya mechi wanaliweka pale, kila mchezaji na mstari wake, na chini timu nzima. Nikamwambia anisomee mstari wa mdogo wake wote, asiruke kitu.

"Ayeeyo, points nane tu," akasema. Ayeeyo ndiyo nyanya, yaani bibi, kwa Kisomali. "Amerusha kumi na moja, zimeingia tatu. Mitupo ya bure sita, zimeingia mbili. Oh my days. Amepoteza mpira mara tano."

"Endelea. Hayo mabaya nimeyaona kwa macho."

"Rebounds kumi na nne. Hakuna mwingine aliyefika hata nane."

Akanieleza: ni ile mipira iliyokoswa na watu, wewe unaigombania na kuiokota. Nikamuuliza timu je? Akanionyesha chini. Wale wengine walirusha vizuri kuliko wetu, walipasiana vizuri kuliko wetu. Wetu walikosa zaidi, lakini waliokota zaidi. Ndivyo walivyoshinda, kwa kuokota. Nikasema hiyo sasa ni kazi ninayoielewa.

Kulikuwa na safu nyingine ya mwisho kabisa, ina alama ya kujumlisha. Mbele ya jina lake iliandikwa kumi na tatu. Binti akasema safu hiyo haihesabu ulichofanya wewe. Inahesabu wakati ule uliokuwa uwanjani timu ilitoka vipi. Alipokuwa ndani, timu ilipata kumi na tatu zaidi ya wapinzani. Alipokaa kwenye benchi, wakapoteza kumi na mbili. Ndiyo ikabaki hiyo moja.

"Na mimi niko safu gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ayeeyo, you don't play."

Ni kweli. Nikamwambia afunge kompyuta, wali unaungua.

Wiki hiyo nilikwenda barabara ya Stratford kununua halwa, na binti yuko nami. Duka lenyewe mbele linauza halwa na visheti, nyuma lina meza ambapo wanaume wanakunywa shaha, chai yetu ya viungo, na kuzungumza siasa. Nikasikia sauti. Miaka yote hiyo, na sauti ya mtu haizeeki kama uso. Alikuwa amekaa katikati, mkongojo kati ya magoti, na mezani ameweka lile jedwali, limechapishwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki usiingie mafuta.

"Thelathini na mbili!" alikuwa anasema, kidole kiko juu ya karatasi. "Pointi thelathini na mbili! Na someni hapa, jina la nani? Someni!"

"Mashallah, mashallah," wanasema wenzake. Mmoja alivaa miwani, akainama, akathibitisha.

Binti akanishika mkono. "Ayeeyo, hiyo ni namba ya shati lake!" akaninong'oneza. "Hizo si points!"

Nikamfinya anyamaze. Sikuwa na nia ya kumfundisha kusoma mtu yule. Mwache ale namba ya shati mpaka ashibe.

Lakini alishaniona. Alisimama, akaegemea mkongojo, akaniita mama wa marehemu, akalitaja na jina la mwanangu. Jina la mwanangu mdomoni mwake.

"Hujambo? Siku nyingi."

"Sijambo."

"Umeona mambo ya mjukuu wetu?"

"Nimeyaona. Nilikuwa naangalia."

"Umemlea vizuri, wallahi. Sisi kama ukoo tunakushukuru."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru yaya jioni anapokuja kumchukua mtoto wake. Kilichobaki ni kuniuliza kama ameshakula. Nilichukua halwa yangu nikatoka. Nje nilitembea mpaka nikapitiliza kituo cha basi, na binti nyuma ananiita. Nilikuwa na majibu mengi, lakini yote yalinijia kwenye barabara ya Ladypool, mbele ya duka la vitambaa, ambako hakuna wa kuyasikia.

Siku chache baadaye, baada ya swala ya Alasiri, wakaja nyumbani. Wazee watatu. Mbele yuko mdogo wake yule mtu, ambaye mara ya mwisho nilimwona Isiolo akiwa bado ana meno. Wameleta tende na paketi kubwa ya sukari. Niliipokea sukari nikaipima kwa mkono. Nikasema moyoni, imefika, imechelewa kidogo tu.

"Shemeji," akaanza yule mdogo mtu.

"Shemeji wa nani?"

Akacheka kwa aibu. "Shemeji, hasira hazifai. Sisi tumekuja kwa heri. Kijana anakuja Jumamosi hii, timu imempa ruhusa ya siku mbili. Tumekodi ukumbi. Ukoo wote utakuwepo, mpaka wa London wanakuja. Atakaa meza ya mbele na babu yake, atamkabidhi jezi, watu watapiga picha. Na wewe tumekuwekea kiti, upande wa kina mama, mbele kabisa."

"Upande wa kina mama."

"Mbele kabisa. Na ombi letu moja. Kijana kila mtu anajua anapenda pilau yako. Watu wenyewe wanaizungumza. Ukitupikia lile sufuria lako kubwa, shughuli itakuwa imekamilika."

Mwenzake, wa pembeni, akaongeza, "Mapishi ya kukodi hayana baraka, mama."

Niliwaangalia. Hakuna aliyeona jambo lolote baya katika alichokisema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wangekuwa na ubaya ningewasamehe mapema. Walikuwa wamekaa kwenye makochi yangu, wananywa chai yangu ya iliki, na kwa akili yao walikuwa wananipa heshima.

Nikauliza, "Ile sauti kwenye simu, ya mikono ya jikoni, ilikuwa ya nani katika ukoo wenu?"

Wa pembeni akatazama kikombe.

"Ni utani wa mpira, mama," akasema hatimaye. "Watu wakiangalia mpira wanasema mengi."

"Basi mikono ya jikoni ikikosa ni yangu, na ikifunga ni damu yenu. Na sasa mnataka hiyo mikono iwapikie."

"Shemeji, tusirudi huko. Yule ni mzee sasa. Mgonjwa. Anataka kukaa na mjukuu wake jioni moja. Utakuja?"

Nikawaambia: "Siendi mimi, na sufuria yangu haiendi."

Walikaa kidogo tena, wakamaliza chai, wakaaga vizuri. Sukari niliwarudishia mlangoni. Tende niliziacha, kwa sababu tende hazikufanya kosa.

Mjukuu alifika Jumamosi saa saba mchana. Ndege yake ya kurudi ilikuwa Jumapili asubuhi mapema, kwa hivyo jioni ile ya ukumbi ndiyo jioni yake pekee Birmingham. Alipita mlangoni ameinama kama anaingia kwenye hema. Nilikuwa nimempikia anjera, zile chapati zetu za maji, na maini, chakula chake cha utotoni cha asubuhi, kwa sababu ndicho alichokiomba kwenye simu. Alikula huku anaongea mdomo umejaa. Paji la uso lilikuwa na jeraha la kiwiko cha mtu, limefungwa plasta. Nikamwambia nimeiona mechi, umecheza vibaya. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ayeeyo, wewe ndiye mtu peke yake anayeniambia ukweli. Kila mtu anasema nilikuwa shujaa. Kocha alinitukana dakika ishirini kwa zile free throws."

"Ulikuwa unafikiria nini pale?"

"Nilikuwa nafikiria nitakosa."

Tulikaa hivyo. Ilikuwa saa nzuri. Dada yake alikuwa anamtania miguu, jirani alileta sahani ya halwa ya karoti akamgonga mgongoni kwa kiganja kama zamani alivyokuwa anagonga ukuta. Kisha Alasiri ikapita, na barabarani gari likapiga honi. Mpwa wa yule mzee amekuja kumchukua. Kijana hakusimama mara moja. Alinawa mikono, akaikausha polepole, akaketi tena mbele yangu na magoti yake yakagusa yangu, kwa sababu jiko letu ni dogo.

"Ayeeyo, twende wote."

Nikavuta sahani yake tupu upande wangu.

"Pilau wameshanunua kwingine, hakuna anayekuomba kupika. Ni kukaa tu. Saa mbili, halafu nakurudisha mwenyewe."

"Unajua alichonifanyia yule mtu?"

"Najua. Umeniambia tangu nikiwa mdogo."

"Na unajua walichosema kwenye simu ulipokosa?"

"Nimesikia. Dada alinitumia." Akatazama mikono yake. "Lakini sikiliza, Ayeeyo. Lile jina si lake peke yake. Ni la baba pia. Mimi baba simkumbuki uso. Nikivaa lile shati, hilo ndilo nililonalo la baba. Na yule mzee ndiye mtu pekee aliyebaki duniani mwenye hilo jina mbele yangu. Nataka kumuona mara moja kabla hajafa. Nataka wewe uwe pale nikimuona, ili nisimwamini sana."

Alisema hivyo, kwa Kiswahili kitupu, mtoto ambaye kila mara hunichanganyia na Kizungu. Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwenye ndege, niliona.

Nilitazama dirishani. Nilimwona mwanangu akiwa mtoto, anauliza kila lori linalopita Isiolo kama ndilo. Mara ngapi nilimwambia ndiyo, labda ndilo, mpaka akaacha kuuliza mwenyewe. Ningekwenda kwenye ukumbi ule, ningekaa upande wa kina mama, mbele kabisa, na mbele ya watu mia moja wangemshukuru yaya. Na picha hiyo ingekaa kwenye simu za ukoo mzima, yule mtu amekaa katikati, jezi iko magotini, jina lake linasomeka, na mimi niko pembeni nimekatwa nusu. Watoto watakaozaliwa baadaye wangeiona picha ile waseme, babu huyo ndiye aliyelea.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Go on, anakusubiri," dada yake akamwambia kwa upole, kutoka mlangoni.

"Ayeeyo?" akasema.

"Siendi mimi, na sufuria yangu haiendi."

Akainama akanibusu kichwani, juu ya mtandio. Akavaa koti. Mlangoni akageuka, kichwa kimegusa fremu, macho yamejaa, na akaniuliza kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho, "Hata kama nitaenda peke yangu?"

"Siendi mimi, na sufuria yangu haiendi."